Ondoa za Nyumbani

Mume wangu Gad ana ugonjwa mmoja usio na dawa. Hawezi kusikia mtu akimsifu mrushaji wa kriketi bila kuuliza hizo wiketi alizipata wapi. Mtu amekuja zake kwenye baa yangu ya maziwa hapa Nengo, mjini Gisenyi, ameagiza mtindi na chapati, anataka kukaa kwa amani, mara Gad amemvutia kiti na kumwanzia habari za India na Australia. Wateja wawili watatu walishahamia baa ya ng'ambo ya barabara. Siwalaumu.

Kwa asiyejua kriketi nitaeleza mara moja tu, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka. Mrushaji anakuja mbio na kuurusha mpira mgumu kwa mkono ulionyooka. Mpira unadunda chini na kumfikia mpigaji, ambaye ameshika gongo la ubao, na nyuma yake kuna vijiti vitatu. Mpira ukiviangusha vijiti, au mpigaji akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, anatoka, na mrushaji amepata wiketi. Ila kabla ya kutoka mpigaji anakuwa amejikusanyia mikimbio, ndizo pointi za mchezo huu, kwa hiyo kila wiketi ina bei yake, na mrushaji mkubwa ni yule anayezipata kwa bei rahisi. Na kwa kuwa mpira unadunda, ardhi ni nusu ya mchezo. Ardhi ya kwao mrushaji anaijua kama jiko la mama yake. Ya watu haijui.

Hapo ndipo ugomvi wa Gad na Mwalimu Wellars unapoanzia. Wellars anafundisha hesabu, ni mzaliwa wa hapa, na kila jioni huja kunywa maziwa ya moto huku akimchokoza kwa makusudi mume wangu, ambaye ni kocha wa timu ya wasichana ya hapa.

"Bon, Kocha," anasema. "Anderson wa Uingereza iko na wiketi mingi kupita barushaji bote ba mbio. Hesabu ni hesabu. Tumalize."

"Ondoa za nyumbani," anasema Gad.

"Niondoe juu ya nini? Ile haikuwa mipira?"

"Kwao kuna mawingu, mpira unapinda hewani, na ule upepo anaujua tangu utotoni. Ondoa. Sasa tazama alizopata kwa watu, na bei yake. Halafu mchukue Hadlee wa New Zealand. Huyo wiketi za ugenini zilimgharimu kidogo kuliko za kwao. Marshall wa Barbados, mpeleke India, mpeleke Australia, ni yule yule. Steyn alitoka Afrika Kusini akaenda India, kwenye ardhi kavu inayoua mpira, na bado akawatoa. Hao ndio warushaji. Wengine ni wenyeji tu."

"Na Lillee je? Dunia yote ilimuogopa."

"Lillee alikwenda Pakistan, mechi tatu, akarudi na wiketi tatu."

"Mechi tatu, Kocha. Unaweza kuhukumu mutu na mechi tatu?"

"Zinatosha," alisema Gad, na mimi niliyekuwa nasuuza vikombe nikafyonya, kwa sababu mtu anayemhukumu mwenzake kwa safari moja hajawahi kuugua tumbo njiani.

Najua ugonjwa huo ulikotoka. Gad alizaliwa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kriketi aliijulia shuleni huko, ambako aliitwa Mnyarwanda kila siku, hata siku alizowashindia mechi. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu watu wa hapa wanakicheka, wanasema naongea kama redio. Sote wawili tulikulia kwenye ardhi ya watu. Tuliporudi nchi ya wazazi wetu tulikuwa watu wazima, na kuna jambo moja tulilokubaliana bila hata kulitamka: watoto wetu watakuwa na kwao. Cyuzuzo, kitinda mimba wetu, alipata. Alizaliwa hapa. Kuanzia sokoni hadi ufukweni hakuna mlango usiomsalimia. Na alipomaliza shule alikuwa mrushaji wa kasi anayeogopwa kuliko wote kwenye uwanja wetu.

Nimesema kwenye uwanja wetu, na hapo ndipo penye kisa.

Uwanja ni wa shule, kwenye mteremko unaolitazama ziwa. Katikati tunatandika mkeka mrefu wa nyuzi na mchezo unachezwa juu yake. Chini ya mkeka, karibu na ncha ya upande wa ziwa, palikuwa na kinundu cha kiasi cha ngumi, jiwe la volkano lililochomoza ardhini. Mpira ukiligonga, huu unaruka hadi usoni, na ule unaofuata unatambaa hadi kwenye vijiti. Wageni hawakujua kama lipo. Cyuzuzo alirushia kutoka juu, akiteremka, na jiwe lile alilipata hata angefumbwa macho. Timu za Kigali zilikuja na viatu vizuri na kuondoka vichwa chini. Sisi tulishangilia mpaka sauti zikakauka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mrushaji wetu wa pili alikuwa Mukasine, msichana mrefu wa Bugeshi, kule juu kwenye baridi na viazi. Kila Jumamosi alishuka kwa miguu hadi barabarani, kisha kwa pikipiki. Kwa kuwa alijiunga mwisho, alipewa kurushia kutoka upande wa ziwa, akipanda, kuelekea ncha isiyo na jiwe. Hakulalamika. Nilimpenda kwa adabu yake, na nilimpenda zaidi kwa kuwa wiketi zake pale zilikuwa chache kuliko za mwanangu.

Mwezi wa tano simu ikapigwa kutoka Kigali. Kambi ya timu ya taifa ya wasichana ilikuwa na nafasi moja ya mrushaji wa kasi kutoka kwetu. Kocha ataje jina moja, Jumatatu ya mwisho wa mwezi isipite. Atakayefanya vizuri kambini atasafiri na timu nje ya nchi.

Cyuzuzo alikuwa hataki kitu kingine duniani. Tangu amalize shule kila aliyemuuliza atafanya nini baadaye alijibiwa hivyo hivyo, timu ya taifa, na aliyeuliza mara ya pili alijibiwa kwa ukali. Siku ile alicheka peke yake akigawa maziwa, akakosea kikombe cha huyu akampa yule. Wateja walimpongeza kama vile ameshaondoka.

Jioni Wellars akaingia, akaambiwa habari, akakaa. Mdomo wake una haraka kuliko akili yake, na akili yake si haba.

"Donc, ni rahisi," alisema akicheka. "Kocha, ondoa za nyumbani."

Wellars alitaka kuyarudisha maneno yake, nilimwona, lakini yalishatoka. Kila mtu pale alizijua zile safari tatu ambazo timu yetu ilikwenda kucheza Kigali. Mara ya kwanza na ya pili Cyuzuzo hakumtoa mtu. Mara ya tatu alimtoa mmoja, baada ya kupigwa mpaka watu wakaacha kuhesabu. Mukasine safari zile zile alikuwa akiangusha vijiti kwa zamu, uso mkavu, kama mtu anayevuna viazi. Cyuzuzo akaweka kikombe mezani na kutoka nje. Gad aliendelea kukitazama.

Kesho yake mchana nilimkalisha Gad chini. Sisi hugombana kwa Kinyarwanda, ambacho kila mmoja wetu alikipata kwa mama yake katika nchi ambayo haikukihitaji.

"Utamtaja nani?"

"Sijui."

"Unajua. Ndiyo maana sahani yako imejaa."

Akasukuma sahani. "Verediane, miaka yote nimewaambia watu kwamba za nyumbani hazihesabiki. Leo amefika binti yangu, nigeuze mizani?"

"Igeuze. Mizani ni yako, hakukupa mtu."

"Halafu nimtazame vipi Mukasine?"

"Mtazame hivyo hivyo. Huyo kwake kila siku ni safari. Uwanja wetu kwake ni ugenini, wenzake ni wageni kwake, na ulimpa upande mbaya. Hesabu hizo zako zina uchafu pande zote mbili, Gad, na wewe unajidai ni maji ya kunywa." Hapo nilikuwa nimekwisha kupandwa na hasira. "Sisi tulifunga mizigo tukarudi ili mtoto huyu awe na nyumbani. Tulimpa. Sasa unamtoza faini kwa kuwa napo?"

Aliinamisha kichwa. Alipojibu sauti ilikuwa ya chini, na iliniudhi kuliko angepiga kelele.

"Simtozi. Lakini watampeleka nchi za watu, Verediane. Huko hakuna jiwe."

Hatukumwona Cyuzuzo. Alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Jumamosi ni umuganda," alisema. "Waambieni watu walitoe jiwe. Jumapili wale wa Kigali wanakuja. Mtaona kama mimi ni jiwe."

Gad alimwambia si lazima. Yeye akasema ni lazima. Nikamwambia mwanangu, tulia kwanza, jambo la hasira lisubiri hasira ishuke. Alinitazama kwa ile jeuri ya mtu ambaye hajawahi kupotea njia, akapita na ndoo yake.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa wetu ulipotoka kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, badala ya kuzibua mitaro tukapanda uwanjani. Kiongozi wa mtaa aliona ni heri, uwanja wa shule ni mali ya wote. Wengine hawakuona hivyo. Kaltumu, muuza vitenge ambaye dada zake wako Goma na Kiswahili chake ni cha huko, alifika na jembe begani na kukataa kulishusha.

"Ile jiwe njo ilikuwa inatushindia," alisema. "Leo munaitoa nyinyi benyewe? Mi sijaona batu ba hivi. Kila timu iko na uchawi yake, nyinyi yenu munaitupa."

"Chimba, Mama Kaltumu," alisema Cyuzuzo.

"Nitachimba juu yako, mwanangu. Lakini iko na kuniuma."

Tulikunja mkeka na kuchimba. Jiwe la kiasi cha ngumi lilikuwa na mwili chini, mweusi, wenye vitundu, mpana kuliko kitanda, na wanaume wakakubali kwamba halitoki. Wakaleta nyundo na kulivunja kichwa mpaka likazama chini ya kina cha jembe. Tukajaza udongo mwekundu, tukamwagia maji, tukashindilia kwa magogo na kwa miguu. Cyuzuzo alishindilia kwa nguvu kuliko sisi sote. Gad akatandika mkeka na kudundisha mpira mahali pale. Ukapanda kiunoni. Akadundisha tena, ukapanda kiunoni. Ungeweza kumlaza mtoto hapo, palikuwa pametulia hivyo.

Jumapili baada ya ibada wasichana wa Kigali wakafika kwa basi dogo. Nilibeba madumu yangu ya maziwa hadi uwanjani, kwa biashara, na kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa.

Mpira wa kwanza Cyuzuzo aliupeleka pale pale alipouzoea. Ukadunda kwa heshima na kumfikia mpigaji kiunoni, naye akautandika hadi kwenye ua wa shule. Wa pili, pale pale, na ule ukaenda barabarani. Nilimwona akikaza mwendo, akiongeza kasi, na kila alipoongeza kasi mpira ulifika kwenye gongo mapema na kuondoka kwa kasi zaidi. Wale wasichana waliokuwa wakiuogopa uwanja wetu walianza kuchekeana. Akasimama. Akaitazama ardhi.

Uso ule niliujua. Nilikuwa nao siku yangu ya kwanza shuleni Karagwe. Lakini si huo ulioniumiza. Nilikuwa nao pia hapa hapa Gisenyi, mwaka tuliorudi, nilipokuwa nikiuliza njia ya sokoni katika mji nilioambiwa tangu nizaliwe kwamba ni wangu. Ukipotea kwa watu, wanakuvumilia. Ukipotea kwenu, unaona aibu hata kuuliza. Nilitaka kwenda katikati ya uwanja kumshika mkono.

Gad akawabadilisha pande warushaji wake wawili. Mukasine, aliyekuwa amerushia kutoka chini kama kawaida, akamfuata.

"Kocha, mi nitoke huku juu leo?"

"Toka juu."

"Sawa. Mi yote iko sawa."

Na kweli kwake yote ilikuwa sawa. Alirusha mipira michache akiitazama inavyokwenda, akasogea kidogo kushoto, akaanza kuangusha vijiti.

Wakati wa mapumziko Cyuzuzo alikuja kwenye madumu yangu. Nilimmiminia mtindi, hakunywa.

"Mama, pale sipajui tena."

Nilitaka kumlaani baba yake pamoja na Hadlee wake na Marshall wake. Nilitaka kumwambia ni kosa letu sisi, tulioshika nyundo. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza jambo ambalo mimi peke yangu nalijua, na kweli nilikuwa nalijua.

"Nilipofika mji huu," nikamwambia, "nilianza kuuza maziwa kama tulivyouza Karagwe, na hakuna aliyenunua. Nikaona hawa ni washamba. Nikaacha kuona hivyo. Nikakaa kando ya barabara kutazama wanapenda nini, saa ngapi, moto au baridi. Sikufanya ninachokiweza, nilifanya wanachokihitaji. Wewe bado unarushia kitu ambacho hakipo. Mtazame Mukasine anavyosimama. Mimi sijui kurusha mpira, mwanangu. Najua kufika mahali."

Hakusema asante. Alikunywa mtindi wote, akafuta mdomo kwa mkono, akarudi.

Baada ya hapo alipunguza mbio. Mipira yake ikawa ya kawaida, ya kuchosha, imenyooka kuelekea vijiti, mmoja baada ya mwingine, na watu wetu waliozoea kupiga vigelegele wakawa hawajui washangilie nini. Mikimbio ikakauka. Mpigaji mmoja akakosa subira, akatoka mbele apige kwa nguvu, mpira ukapita chini ya gongo na kuangusha kijiti cha kati. Baadaye mwingine akaupiga juu, na Mukasine akakimbia kutoka mbali na kuudaka mikononi. Wiketi mbili. Mukasine siku hiyo alikuwa na nne.

Tulishinda kwa shida. Wageni walipopanda basi lao, Gad aliwaita wasichana wawili pale walipokuwa wakikunja mkeka. Mimi na Wellars tulikuwa karibu, tunabeba madumu. Gad hakuzunguka.

"Nitataja jina la Mukasine."

Nilidhani nitasema neno la kuvunja ndoa. Lakini nilikuwa nimetazama mechi ile ile aliyoitazama yeye. Nilikuwa na hasira, na alikuwa sahihi, na hivyo viwili vilikaa ndani yangu pamoja bila kusikilizana.

Mukasine alimgeukia Cyuzuzo kwanza kabla ya kumtazama kocha. "Pole, dada," alisema. "Nikifika kule nitakuambia venye iko. Nitakupigia kila siku."

Cyuzuzo alimkumbatia. Alimshika muda mrefu, na alipomwachia macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

Wellars, maskini, akataka kusaidia. "Cyuzuzo, usijali. Hapa nyumbani hakuna wa kukufikia. Na hii mbili ya leo, mi nimeshaiongeza juu ya zako za nyumbani. Iko mingi sana."

"Hapana, Mwalimu," alisema Cyuzuzo. "Hizi mbili ziweke ugenini."

Gad aliuachia mkeka. Akamwendea binti yake na kuweka mkono kichwani pake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo.

Mimi nilikuwa nimerudi nchi hii ili mtoto wangu asilijue neno hilo la ugenini. Amelijulia hapa, kwenye uwanja unaoonekana kutoka dirisha la chumba chake, na amelitamka bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.